Shingo Iliyopandishwa Cheo

Uvimbe wa mume wangu uligunduliwa na kola ya shati. Mimi ni dobi. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ya kupigia pasi na kamba za kuanikia huko nyuma, na mashati ya mtaa mzima yanapita mikononi mwangu. Shati la mume wangu ndilo pekee ninalomvalisha mwenyewe, kwa sababu kifungo cha juu humshinda na akiachiwa hutoka nyumbani akiwa ameruka tundu. Asubuhi moja nikavuta kola, kifungo kikagoma. Nikamwambia, "Baba Watoto, umenenepa." Akasema hajanenepa. Kweli, suruali ilikuwa inapwaya kama siku zote. Nikapeleka vidole shingoni, upande wa kulia chini ya taya, nikakuta kitu kigumu cha ukubwa wa kokwa la embe dogo, na chini yake moyo unapiga.

"Ni baridi hiyo," akasema. Kwa mume wangu kila ugonjwa ni baridi, hata alipovunjika kidole cha mguu.

Kabla sijaendelea, inabidi mumjue huyu mtu, na kumjua si kazi ya muda mrefu. Ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Wenzake walioanza naye wamekuwa wasimamizi na mameneja, mmoja ana dereva wa kumfungulia mlango. Yeye amebaki na funguo. Kwenye picha za sherehe za kiwanda ndiye lile sikio linaloonekana pembeni. Siku ya harusi yetu mpiga picha alimwomba asogee kidogo ili bwana harusi aonekane, naye akasogea. Akiingia dukani, muuzaji humhudumia aliye nyuma yake.

Mimi nilimpenda hivyohivyo. Nilitoka kwenye nyumba ya baba mwenye makelele, baba ambaye akirudi kazini hata sufuria zilikuwa zinatetemeka rafuni, nikajiapia kuolewa na mtu ambaye akiingia sitashtuka. Nikampata. Tumezaa, tumelea, watoto wameoa na kuolewa mbali, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akinyanyua sauti. Sikujua kwamba na yeye moyoni alikuwa na njaa yake.

Nilimburuta mpaka hospitali kubwa. Tukapokelewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimshika shingo kwa ustaarabu, akakisukuma kile kitu kwenda mbele na nyuma, kikasogea. Akakisukuma juu na chini, kikakataa. Akarudia. Kisha akatoka akamleta mwenzake, naye akasukuma huku na huku, wakatazamana, wakaanza kuongea Kiingereza juu ya kichwa cha mume wangu kana kwamba yeye ni meza. Neno moja lilikuwa linarudi kila mara: reya. Naliandika kama nilivyolisikia. Veri reya, akasema yule mwenzake, na macho yalikuwa yanamng'aa.

Baba Watoto akaniangalia. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya paketi za sabuni, kwa hiyo nikamuuliza yule daktari binti, "Kwa Kiswahili anaumwa nini?"

"Mama, ni uvimbe usio wa kawaida," akasema. "Tupige picha kwanza, tutaongea vizuri."

Jioni hiyohiyo mume wangu akaenda kwa Kamusi. Kamusi ni jirani yetu wa ukuta mmoja, karani mstaafu, na mtaa umempa jina hilo kwa sababu huwezi kupiga chafya kwa Kiingereza asikutafsirie. Alikuwa amekaa kibarazani na singlendi yake, akasikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Reya?" akauliza. "Una hakika alisema reya, hakusema anyuzho?"

"Reya. Tena veri."

"Basi umeanzia juu, bwana." Kamusi akamshika mkono. "Maneno haya yana ngazi zake. Anyuzho ni mgambo. Reya ni koplo. Ukitoka hapo kuna yuniki, huyo ni luteni. Halafu remakabo, halafu ekstraodinari, hao ni wakubwa wenye magari. Na juu kabisa kuna anpresidentedi. Hilo mimi katika maisha yangu yote ya ofisi nimelisikia likisemwa kuhusu mafuriko tu."

"Na kwa Kiswahili yana maana gani?" nikauliza, maana nilikuwa nimesimama pale na hasira yangu.

"Reya? Si ya kawaida."

"Na yuniki?"

"Si ya kawaida, ila kwa mkazo."

"Na hilo la mafuriko?"

Kamusi akafikiri. "Si ya kawaida," akasema, "kabisa."

Niliona upuuzi mtupu. Lakini mume wangu alirudi nyumbani akitabasamu peke yake, na wakati wa kula aliweka kijiko chini akasema, "Mama Watoto, mimi ni reya." Alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Tuliporudi kwa ajili ya picha, habari zilikuwa zimeshamfikia Profesa. Huyo ndiye mkuu wao, mtu mwenye tumbo la heshima na koti jeupe lililonyooshwa vizuri sana, hilo nampa haki yake. Alikuja na msafara wa wanafunzi. Wakapanga foleni. Kila mmoja akaja akamshika mume wangu shingo, akasukuma mbele na nyuma, juu na chini, akatikisa kichwa, akaondoka kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyemsalimia, ila walimshika kwa adabu kubwa. Profesa akaionyesha picha kwenye ukuta wenye taa, akasema yuniki. Akanyoosha kidole mahali fulani, akasema remakabo. Nilimtazama Baba Watoto pale kitandani, shati limefunguliwa, kidevu juu. Nimemwona huyu mtu akipokea watoto wetu mikononi, na uso wake haukung'aa namna ile.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa na mkubwa. Kola aliikataa, akasema inamficha. Alianza kutembea akitanguliza shingo. Kiwandani alipandishiwa hadhi na watu ambao walikuwa hawajui kama yupo. Meneja mwenye dereva alishuka mwenyewe mpaka stoo, akaomba kuona, akaona, akaomba kugusa. Mume wangu akaitwa ofisini kunywa chai. Wasichana wa cherehani wakaja kwa zamu. Siku moja nilikwenda kumpelekea chakula, nikamkuta amekaa juu ya magodoro, amezungukwa, anaeleza: "Ukisukuma hivi kinakwenda. Ukisukuma hivi, ng'o!" Watu wakaguna. Nami nikaguna, ila kwa sababu yangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyemaliza kabisa. Huyu wifi tangu nimeolewa hakuwahi kumsifia kaka yake zaidi ya kusema kwamba hana maneno. Sasa alikuwa akifika kwetu na wageni. "Katika ukoo wetu," aliwaambia, "vitu hivi vipo. Sisi si watu wa hivihivi. Babu yetu naye alikuwa na kidole cha ziada." Babu hakuwa na kidole cha ziada. Nimemwosha yule mzee miguu alipougua, navijua vidole vyake vyote.

Kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakisikia ila mimi ni sauti. Ilikuwa inaondoka. Mwanzoni ilikuwa kama mtu mwenye mafua, halafu ikawa kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Mezani maji yakaanza kumpalia. Nikiwa kwenye pasi zangu alikuwa akiniita kutoka chumbani, na nilikuwa nasikia mwanzo wa jina tu, mwisho unakatika. Wageni walifikiri anaongea polepole kwa sababu ya ukubwa.

Nikamtafuta yule daktari binti. Nilimkuta kwenye korido anakula andazi amesimama, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mama yako kwa umri. Niambie kwa Kiswahili, na usiniambie kwamba si cha kawaida, hilo nimeshalishiba."

Akameza andazi, akanivuta kando. "Mama, kile kitu kimekaa kwenye mshipa unaopeleka damu kichwani. Hakionekani kuwa kibaya chenyewe, lakini kinakua, na kinaukumbatia mshipa. Kimeanza kuibana neva ya sauti na ya kumeza. Tukikitoa sasa, nafasi ya kupona ni kubwa. Tukichelewa kitazidi kujizungusha, na siku tutakayokitoa tunaweza kumtoa na sauti yake. Au akapooza upande. Au akabaki mezani."

"Sasa mnangoja nini?"

Alitazama huku na huku. "Profesa ameandaa kongamano. Madaktari wanatoka nchi nyingi. Anataka wakione kikiwa bado kipo."

"Na mume wangu ameambiwa haya?"

"Nimemwambia mwenyewe. Nilimwambia anaweza kusaini sasa, hahitaji kumngoja mtu." Binti wa watu akainamisha kichwa. "Amesema ataanza na kongamano."

Nilifika nyumbani damu inanichemka. Pasi nilikuwa nimeiacha kwenye umeme, nikaichomoa, nikaenda kumsimamia pale alipokaa mbele ya kioo. Naam, mbele ya kioo, mtu ambaye zamani alinyoa ndevu kwa kupapasa.

"Umeambiwa utapoteza sauti, ukanyamaza?" nikamuuliza. "Umeambiwa unaweza kufa, ukaniacha mimi naendelea kupiga pasi?"

"Hujanielewa, Mama Watoto," akasema kwa ile sauti yake ya nyuma ya mlango.

"Nieleweshe."

Akageuka kutoka kwenye kioo. Kisha akasema, "Juzi Profesa alinipita kwenye ngazi. Akasimama. Akaniita kwa jina langu, akaniuliza nimelalaje. Mimi nimefungua ile stoo asubuhi zote hizi, na mwenye kiwanda akifika huwa anauliza, 'Mwenye funguo yuko wapi?' huku nimesimama mbele yake." Akaligusa lile donge kama mtu anayemtuliza kuku. "Kikishatolewa hiki, nitabaki nani?"

Nitasema ukweli, nilimwonea huruma kwa dakika moja. Baada ya hapo hasira ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Kwa maana mimi je? Miaka yote hiyo nilikuwa nalala na nani, na mwenye funguo? Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Wifi, ambaye alikuwa sebuleni ametega sikio, akaingia kumtetea kaka yake. Akasema nina wivu. Akasema kuna wanawake wakiona nyota ya mume imeng'aa hukimbilia kuizima. Nikamwambia kama ni nyota basi ahamie kwake, akamlishe yeye uji mlaini na kumpigapiga mgongo anapopaliwa. Wifi akakumbuka kwamba ana safari.

Kamusi naye, badala ya kunisaidia, alikuja na hesabu zake. Ekstraodinari ilikuwa imeshapatikana, daktari mgeni aliitamka kwa simu. Lilibaki moja tu. "Likisemwa kwenye kongamano," Kamusi aliniambia ukutani, akinong'ona kama tunapanga wizi, "jirani yangu anakuwa sawa na mafuriko." Nilimfungia dirisha.

Kongamano lilifanyika kwenye ukumbi wa hospitali. Nje waliweka meza za chai na biskuti, na watu walivaa vitambulisho shingoni. Mume wangu aliomba nimpigie pasi shati jeupe, nikalipiga. Sikuwa na la kufanya. Nilijiambia nikikataa atavaa lenye makunyanzi, na aibu itakuwa yangu. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba mapajani. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mhudumu mmoja alifikiri nimekuja kukusanya vikombe.

Walimkalisha kwenye kiti kirefu chini ya taa. Profesa akasema kwa muda mrefu. Picha ya ndani ya shingo ya mume wangu ikatokea ukutani, kubwa kuliko nyumba yetu, nyekundu na nyeupe. Watu wakavuta pumzi. Yale maneno yote yakapita moja baada ya jingine, nami nilikuwa nayatambua sasa kama majina ya majirani: anyuzho, reya, yuniki, remakabo, ekstraodinari. Halafu wakaruhusiwa kupanda. Wakapanda. Wazee wenye mvi, wanawake wenye miwani ya dhahabu, wote mkono shingoni, mbele na nyuma, juu na chini. Yeye alikaa wima. Lakini mimi nilikuwa namwona akimeza mate kwa shida, mara mbili mbili, na jasho limemlowesha mgongo wa lile shati.

Walipomaliza, Profesa akampa kipaza sauti. Alitaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe, na yeye alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo. Nilimsikia akijifunza bafuni, hotuba fupi, shukrani kwa wote, na mahali pa kunitaja mimi. Akasimama. Akafungua mdomo.

Haikutoka. Ilitoka hewa tu, na kile kipaza sauti kikaifanya hewa ile kuwa kubwa, ukumbi mzima ukasikia mtu anapumua. Akajaribu tena. Mdomo ulikuwa unakwenda, maneno niliyasoma kutoka kule nyuma, "Nawashukuru sana", lakini sauti hakuna. Akagonga kipaza sauti kwa kidole, maskini, akidhani kimeharibika. Kiligonga vizuri.

Profesa akageukia watu, amefungua mikono. Akasema kitu kuhusu neva, akaonyesha mahali kwenye picha, na hapo nikalisikia likitoka kinywani mwake, lote na silabi zake zote: anpresidentedi. Watu wakapiga makofi. Walisimama wengine. Makofi yale hayakuwa ya ubaya, na hilo ndilo lililonitia kichaa. Walikuwa watu wazuri waliofurahi kwa dhati.

Mume wangu hakuwa anawatazama. Alikuwa ananitafuta. Aliponiona, mdomo ukafanya "Mama Watoto", nikaona amejisikiliza, akagundua hata hilo halitoki. Cheo chote kikamtoka usoni kwa mara moja. Akabaki mtu aliyeogopa, amekaa kwenye kiti kirefu.

Sijui nilifikaje kule mbele. Najua mkoba ulianguka njiani na sikuuokota. Nilimpokonya kile kipaza sauti, Profesa akasema, "Mama, tafadhali," nikampa kisogo.

"Samahanini," nikasema. "Mimi ni mke wake. Nina swali moja, na nalisema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichonacho. Hapa nimewaona wote mmemshika shingo. Nani kati yenu anamtibu?"

Wageni wakawageukia wenyeji wawatafsirie. Mwanamke mmoja mwenye miwani ya dhahabu alipotafsiriwa akashusha macho kwenye biskuti yake.

"Nauliza tena, labda sikusikika. Nani anamtibu?"

Mkono ukanyooka kule pembeni. Alikuwa yule daktari binti, kalamu kwenye nywele, ameshikilia rundo la makabrasha ya wengine. "Mimi, mama," akasema, ingawa bosi wake alikuwa anamtazama. "Akisaini leo, kesho asubuhi anaingia."

Baba Watoto hakungoja kuulizwa. Alinyoosha mkono kuomba kalamu, yule binti akaichomoa kwenye nywele zake, zikamwagika.

Profesa, nisimwonee, ndiye aliyempasua. Mikono yake inajua kazi kuliko mdomo wake. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu walipomwingiza mpaka jua likahama upande wa pili wa korido. Wifi alikuja akakaa karibu nami, hakusema habari za ukoo, alinishika mkono tu akalia, nikajua kwamba na yeye anampenda kwa namna yake. Daktari binti akatoka na kofia yake ya kijani. Akachutama mbele yangu. Akasema mshipa umepona, hajapooza, kitu chote kimetoka. Sauti hawajui bado, wanangoja.

Alilala bila kusema siku kadhaa, shingo imefungwa bandeji, anaandika mahitaji yake hewani kwa kidole. Kisha majibu ya maabara yakaja. Asubuhi hiyo Profesa alipita na msafara wake, wanafunzi nyuma. Mume wangu akajiinua kwenye mto, akanyoosha shuka, akainua kidevu kama alivyozoea. Profesa akalitazama faili akiwa bado anatembea. "Nomo," akasema. Akageuza ukurasa. "Nomo. Rutini." Akafunga faili na msafara ukasonga kwenye kitanda cha jirani.

Kwenye kitanda hicho alikuwa amelazwa dereva wa lori aliyekuja na kikohozi, wakagundua moyo wake umekaa kulia. Aliulizwa kila swali. Alishikwa kifua na kila mwanafunzi. Neno reya likaanza kusikika, halafu yuniki, na yule dereva alikuwa anatabasamu kidogokidogo, hajui bado la kufanya na uso wake. Mume wangu alilala ubavu, akimtazama kwa wivu usio na haya.

Kamusi alikuwa amekuja kumwona, ameshika mfuko wa machungwa. Nikamuuliza nomo iko ngazi gani.

"Haina ngazi," akasema kwa masikitiko. "Ni ya kawaida tu. Huyo ni raia." Akaweka machungwa juu ya kabati, akasogea taratibu mpaka kitanda cha dereva, akajitambulisha.

Mimi nilikuwa nacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka muuguzi akanikonyeza ninyamaze. Nomo! Sijawahi kusikia neno tamu namna hiyo kwa lugha yoyote. Mume wangu aligeuka akaniona ninavyocheka, na machozi yakaanza kumtoka, yakaingia kwenye bandeji. Basi kicheko kikanikauka, hasira yangu ya zamani ikapanda, ile niliyokuwa nimeifungia tangu siku ya kioo.

"Unalilia nini?" nikamwambia. "Unawalilia wale? Wamesimama kwako kwa sababu ya kokwa, na kokwa limekwenda maabara, wafuate huko! Mimi nimesimama kwako tangu ulipokuwa huna lolote shingoni. Nimesimama kila asubuhi, mikono kwenye kola yako. Nimesimama kule ukumbini mbele ya watu wote. Nani aliniletea wanafunzi? Nani aliniita yuniki mimi?"

Dereva wa lori na Kamusi waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimepaza sauti kama baba yangu.

Mume wangu alinitazama. Alinitazama muda mrefu, uso, mikono, mabega, kwa utaratibu, jinsi madaktari walivyokuwa wanamtazama yeye, ila huyu alikuwa ananijua. Akafungua mdomo, nikaona anatafuta neno, na nikajua anatafuta kule kwenye ngazi za Kamusi.

"Usithubutu," nikamwambia. "Sema kwa Kiswahili."

Akafunga mdomo. Akameza mate, na yakapita. Kisha sauti ikatoka, mbovu, yenye mikwaruzo, lakini ilitoka yote na mwisho wake haukukatika.

"Umekonda, Mama Watoto," akasema.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliona hilo. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamenya chungwa, nikalia huku nalimenya.